Wanafunzi wa sheria na mzigo uliokwama mpakani

Siku 30. Huo ndio muda ambao Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika kifungu cha 229, inampa mtu asiyeridhika na uamuzi wa forodha ili aandike barua kwa Kamishna kuomba uamuzi huo upitiwe upya. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu kwa maandishi na kutoa sababu. Akinyamaza mpaka siku hizo zikapita, sheria inahesabu kwamba amelikubali ombi.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho. Ni wangapi kati ya wanaovusha nguo Busia, vitunguu Namanga au mchele Mutukula wamewahi kuisikia? Watu hawa wanajua bei ya dola ya asubuhi na ya jioni, wanajua lori gani limeharibika wapi, lakini kifungu kinachowahusu kuliko vyote hakuna aliyewasomea. Mzigo ukizuiliwa, wiki ya kwanza huishia dirishani, kubembeleza. Ya pili hupotea katika kutafuta mtu anayemjua mtu. Ya tatu ni ya kutafuta pesa ya huyo mtu. Ikifika ya nne nyanya zimeshaoza, mwenye mali amerudi nyumbani, na anaomba zamu yake ya upatu isogezwe mbele apate mtaji mwingine.

Kuna njia ya kwenda kwa wakili, na kwa mwenye kontena ndiyo njia yenyewe. Lakini mfanyabiashara ambaye mzigo wake wote hauzidi dola 2,000, yule ambaye Jumuiya ilimtengenezea utaratibu wa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa ili asitozwe ushuru wa forodha kwa bidhaa za humu humu Afrika Mashariki, akimlipa wakili anabaki na nini? Hesabu haikubali. Ndiyo maana inafaa leo kuzungumzia mlango mwingine ambao wengi wetu tunaupita bila kuubisha: kliniki za sheria za vyuo vikuu.

Neno kliniki lisikutishe. Limeazimwa kwa madaktari. Kama mwanafunzi wa udaktari anavyojifunza kando ya kitanda cha mgonjwa, mwanafunzi wa sheria naye hujifunza akiwa na mtu mwenye tatizo la kweli mbele yake, na mwalimu aliye wakili nyuma yake. Mteja halipi ada. Mwanafunzi hupata kile ambacho kitabu hakina, na mteja, mambo yakienda vizuri, hupata barua iliyoandikwa kabla ya siku ya 30.

Mlima mmoja, nchi tatu

Wazo hili lina asili ya hapa hapa, na lina uhusiano na sisi tunaovuka mipaka kuliko tunavyodhani.

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Tanganyika kupata uhuru, Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Hakikuwa na majengo yake. Masomo yalianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na ilipofika 1964 ndipo chuo kikahamia kilimani, mahali ambapo mpaka leo watu wa Dar wanapaita Mlimani. Kuanzia 1963 hadi 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na vyuo hivyo vitatu viligawana kazi: aliyetaka kusomea sheria, awe Mkenya, Mganda au Mtanzania, alikwenda Dar.

Matokeo yake yaliendelea kuonekana kwa miongo mingi. Benjamin Odoki, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Uganda, alisoma sheria Dar es Salaam. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, alisoma huko pia. Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu wa Tanzania, vilevile. Amos Wako, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya kwa miaka 20, naye ni wa mlima huo huo. Kuna wakati mahakama za nchi tatu ziliongozwa na watu waliokula katika bwalo moja wakiwa vijana. Tunapolalamika leo kwamba hati ya nchi moja inatazamwa kama karatasi ya kufungia maandazi ikivuka nchi ya pili, tukumbuke kwamba waandishi wake walikuwa na mwalimu mmoja.

Katika mlima huo, mwishoni mwa miaka ya 1960, walimu na wanafunzi wa sheria walianzisha kamati ya msaada wa kisheria kwa watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Ilikuwa miongoni mwa huduma za mwanzo kabisa za aina hiyo katika eneo letu. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, lakini tabia hii haikufa nayo. Nairobi, kikundi cha mawakili vijana kilianzisha Kituo cha Sheria mwaka 1973. Kampala, Kituo cha Maendeleo ya Sheria, chuo ambacho kila Mganda anayetaka uwakili hukipitia na ambacho Odoki mwenyewe aliwahi kukiongoza, kilifungua kliniki yake ya msaada wa kisheria mwaka 1998. Makerere wakafungua kliniki yao ya sheria kwa maslahi ya umma mwaka 2012. Rwanda nao wana kliniki ya wanafunzi katika shule ya sheria iliyoko Huye.

Maisha ya vimbwetani

Anayefika Mlimani kwa mara ya kwanza huona miti kabla hajaona majengo. Kampasi ni kubwa, ya kupanda na kushuka, daladala zinapita ndani yake, na tumbili wana haki ya kwanza juu ya ndizi yoyote iliyoachwa bila mwenyewe. Chini ya miti ndipo penye vimbweta, yaani meza na viti vya zege vilivyojengwa pamoja, na hapo ndipo chuo kinapofanya kazi yake kubwa. Darasani mwanafunzi anasikiliza. Kwenye kimbweta anabishana.

Jioni utawakuta wanasheria watarajiwa sita au saba wameinamia kesi moja, kila mmoja na nakala yake iliyofifia. Wanaita kupiga msuli. Mmoja anasoma kwa sauti, wa pili anamkatiza, wa tatu anaulizia kama bumu limeingia, maana mkopo wa kujikimu ukichelewa hata hoja nzito hupungua uzito. Siku ya mahakama ya mfano utawatambua kwa mbali: suti nyeusi katika joto la Dar, shati jeupe, faili kwapani. Hushindana kutetea kesi ya kubuni mbele ya majaji ambao ni walimu wao, na wanaofanya vizuri huiwakilisha shule katika mashindano makubwa zaidi, likiwemo lile la haki za binadamu ambalo tangu 1992 linawakutanisha wanafunzi wa sheria wa Afrika nzima.

Ni maisha mazuri, na yana kasoro moja inayotuhusu. Kesi ya kubuni haina mama aliyelala stendi siku mbili akisubiri mzigo. Isitoshe, masomo ni kwa Kiingereza, tangu siku ya kwanza hadi mtihani wa mwisho. Kijana anaweza kuieleza kanuni ya fidia mbele ya mwalimu bila kukwama, lakini akikaa na muuza dagaa anayemuuliza, "Sasa mwanangu, hela yangu naipata au siipati?" inabidi aanze upya kabisa. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na mahakama za mwanzo zimekuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani. Vyuo bado havijafika hapo. Katika kampasi nyingi kliniki ndiyo mahali pekee ambapo mwanafunzi analazimika kuifikiria sheria kwa lugha ambayo soko linaitumia.

Kwamba kuna pengo kati ya kimbweta na kazi, Tanzania iliambiwa waziwazi Oktoba 2022. Shule ya Sheria kwa Vitendo ya Tanzania, ambayo mhitimu wa shahada huipitia kabla ya kuwa wakili, ilitoa matokeo ya wanafunzi 633. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 waliondolewa. Nchi nzima ilishika kichwa, na waziri akaunda kamati iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Ubishi ulikuwa mrefu: wengine wakalaumu vyuo, wengine shule yenyewe, wengine shule za sekondari. Kwa maoni yangu, kijana aliyeandika barua kumi za kweli kwa wadaiwa wa kweli, zikarudishwa na mwalimu zikiwa nyekundu tupu, zikaandikwa tena, hawezi kushangazwa sana na mtihani unaomtaka aandike hati ya madai.

Siku ya kwanza kliniki

Tuseme wewe ni mama unayefanya biashara ya vitunguu, na mnunuzi wako wa ng'ambo ya pili amekaa na pesa yako miezi minne. Unaingia ofisini. Si ofisi ya zulia; ni meza, benchi, kabati la mafaili na feni inayokataa kugeuka. Vijana wawili wanasimama. "Shikamoo mama." "Marahaba, wanangu." Mmoja atauliza, mwingine ataandika.

Swali la kwanza litakushangaza, kwa sababu halihusu vitunguu. Watataka jina la mtu unayemlalamikia. Wanataka kuhakikisha kwamba huyo naye hajawahi kuja hapo kuomba msaada juu ya jambo hilo hilo, maana kliniki moja haiwezi kukaa pande zote mbili za mzani. Ikiwa alikutangulia, watakuelekeza mahali pengine. Usikasirike, utaratibu huo huo ndio utakaokulinda wewe siku yeye atakapochelewa.

La pili: unayoyasema pale ni siri. Hili wafanyabiashara wengi hawaliamini, na ndiyo sababu husema nusu. Mzigo ulipita njia ya panya? Sema. Ulimpa mtu pesa isiyo na risiti? Sema. Mwanafunzi hana uwezo wa kuisafisha njia ya panya, na msimamizi wake hatakubali kuandika uongo kwenye barua. Lakini barua iliyojengwa juu ya nusu ya habari huanguka siku afisa wa upande wa pili anapoitoa nusu nyingine mfukoni.

Kisha vinakuja vielelezo, na hapa ndipo kazi nyingi hufia. Biashara yetu ya mpakani imejengwa juu ya neno la mtu. Mali kauli inavuka mpaka kila siku bila karatasi, na kusema kweli hiyo ndiyo nguvu yake, kwani bila uaminifu huo soko la Busia lisingefika saa nne. Mahakama nayo haikatai mapatano ya mdomo. Inachouliza ni utayathibitisha vipi. Ujumbe wa simu unaosema "nimepokea gunia 40, nitatuma Ijumaa" ni kielelezo. Ujumbe wa muamala wa M-Pesa au Airtel Money ni kielelezo. Daftari la mikopo lililochakaa, lenye tarehe na sahihi ya aliyechukua mali, ni kielelezo kizuri kuliko unavyofikiri. Sheria za miamala ya kielektroniki, ya Uganda ya 2011 na ya Tanzania ya 2015, zimefungua mlango kwa maandishi ya simu kupokelewa mahakamani. Kenya nayo inayapokea, ila inataka yaambatane na cheti kinachoeleza yalitolewaje kwenye simu. Kwa hiyo usifute ujumbe, na usibadilishe simu kabla hujamwonyesha mtu.

Baada ya mahojiano, wanafunzi hawatakupa jibu hapo hapo. Wengine huondoka wakinung'unika kwamba watoto hawa hawajui kitu. Ukweli ni kwamba hawaruhusiwi. Wataandika maelezo, watatafuta sheria, watampelekea msimamizi, na msimamizi ndiye atakayesema barua iende au isiende. Mara nyingi hatua ya kwanza ni kumwita mdaiwa mkae meza moja. Kwa deni dogo la watu wanaotaka kuendelea kufanya biashara pamoja, hapo ndipo mambo mengi yanapomalizikia, kwa mapatano ya kulipa kidogo kidogo yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Mpaka wa kliniki yenyewe

Kliniki nayo ina mahali inapoishia, na kila nchi ina pake.

Uganda ndiko mwanafunzi anakofika mbali zaidi. Kanuni za mwaka 2004 zinamruhusu mwanafunzi wa kozi ya uwakili kumsimamia mtu asiye na uwezo mbele ya mahakama za mahakimu, wakili msimamizi akiwa pamoja naye. Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za Uganda kuna pia utaratibu wa madai madogo, ambao hauruhusu mawakili kabisa: unamwandikia mdaiwa notisi ya kumtaka alipe, akikataa unafungua madai, unasimama mwenyewe. Mwanafunzi anaweza kukuandaa. Kusimama ni kazi yako.

Kenya ilianzisha Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, yakiwemo ya mali iliyouzwa na haikulipwa, na sheria inaitaka itoe hukumu ndani ya siku 60. Mdai anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Kenya ya 2016 inazitambua pia kliniki za vyuo vikuu kama watoaji wa msaada huo. Kwa anayemdai mtu wa Kenya, hii ni habari njema kuliko nyingi, na ukweli kwamba wafanyabiashara wengi wa upande wa Tanzania na Uganda hawaijui ni fedheha kwetu sote tunaoandika magazeti.

Tanzania, mwanafunzi si wakili na hawezi kusimama mahakamani kwa niaba yako. Atakuandikia hati, atakufundisha kuisoma, ataketi nyuma. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliweka utaratibu wa kuwasajili watoaji wa msaada huo na ikawatambua wasaidizi wa kisheria, wale wanaofanya kazi wilayani na vijijini, ambao nao hawaruhusiwi kuwakilisha mtu mahakamani. Tangu Aprili 2023 serikali imekuwa na kampeni ya msaada wa kisheria iliyopewa jina la Rais Samia, inayozunguka mikoani. Wiki ya Sheria, inayotangulia Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, nayo ni nafasi: mahema hupigwa, na mtu anapata ushauri bila kulipa.

Turudi kwenye forodha, kwa sababu huko saa inakwenda mbio kuliko kwenye madeni. Deni la mkataba lina miaka sita ya kufunguliwa madai katika nchi zote tatu. Forodha haina subira hiyo. Mbali na zile siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe, mali iliyokamatwa rasmi lazima mwenyewe aidai kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja. Asipofanya hivyo inahesabiwa kuwa imetaifishwa. Kamishna akikukatalia, una siku 45 za kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za kodi. Na kama tatizo si afisa mmoja bali ni agizo la serikali linalokwenda kinyume cha Mkataba wa Jumuiya, mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha na ofisi ndogo za masjala katika nchi wanachama. Ila afanye hivyo ndani ya miezi miwili tangu agizo litoke au tangu alipolijua. Miezi miwili! Wakati huo wafanyabiashara wengi huwa bado wako kwenye mkutano wa kuchagua kamati ya kwenda kumwona mkuu wa wilaya.

Si kila mzigo unaozuiliwa umeonewa, na kliniki nzuri itakwambia hivyo usoni. Cheti rahisi cha uasili hutolewa mpakani, na kinaondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha na zenye thamani isiyozidi zile dola 2,000. Hakiondoi kila kitu. Nafaka na matunda bado yatatakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea, vyakula vya viwandani vina viwango vyake, na kodi za ndani za nchi unayoingia zinaweza kukufuata. Vitambaa vilivyoshonwa nje ya Afrika Mashariki havigeuki kuwa vya hapa kwa sababu vimelala ghalani Kampala usiku mmoja. Mwanafunzi akikueleza haya amekuokolea nauli ya kwenda mahakamani.

Umbali

Lawama yangu kwa vyuo ni moja, nayo ni ya jiografia. Kliniki ziko milimani na mizigo iko mipakani. Mwenye shida Namanga hawezi kupanda basi hadi Mlimani, akalala Dar es Salaam siku mbili, kwa ajili ya barua ya ukurasa mmoja.

Na si kwamba shule za sheria zote ziko mbali. Arusha, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Namanga, kuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinachofundisha sheria, mji huo huo yaliko makao ya Jumuiya na mahakama yake. Mbeya kuna kampasi ya Mzumbe, na barabara inayotoka hapo inakwenda Tunduma. Eldoret kuna shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Moi, njia ya malori yanayokwenda Malaba. Kituo cha Maendeleo ya Sheria cha Uganda kina tawi Mbarara. Huye iko karibu na Akanyaru, mpaka wa Rwanda na Burundi. Ukizichora kwenye ramani utaona mkufu unaokaribia kuzunguka Ziwa Victoria.

Vituo vya pamoja vya mpakani vilijengwa ili maafisa wa nchi mbili wakae chini ya paa moja. Forodha wapo, uhamiaji wapo, viwango wapo, kilimo wapo. Nini kinazuia meza moja ya wanafunzi wa nchi mbili, mara moja kwa wiki, na wakili msimamizi mmoja kila upande? Gharama ni nauli na chakula cha mchana. Wanafunzi wa sheria tayari hupelekwa mafunzoni katika mahakama na ofisi mbalimbali wakati wa likizo; mpaka ungekuwa ofisi kama nyingine. Faida kubwa ingekuwa ile ambayo kliniki moja ikiwa peke yake haiwezi kuitoa. Mama wa vitunguu yuko Tanzania, mdaiwa wake yuko Kenya. Barua ya kliniki ya Arusha anaweza kuitupa. Barua hiyo ikifuatwa na simu ya kliniki ya Nairobi inayomkumbusha kwamba Mahakama ya Madai Madogo iko mtaa wa pili na siku zake ni 60, ataikunjua na kuisoma. Mwaka 1965 vijana hao wawili wangekuwa kimbweta kimoja. Leo hata namba za simu za wenzao hawana.

Mpaka hilo lifanyike, anayetaka kuutumia mlango huu aende akiwa amejiandaa. Nakala ya kila karatasi uliyopewa mpakani, hata ile yenye mhuri usiosomeka. Ile inayoonyesha tarehe ya mzigo kuzuiliwa iwe juu kabisa, maana ndiyo wanayoihesabia siku. Jina la kituo na, ukiweza, la afisa. Kama hukupewa karatasi, omba upewe sababu kwa maandishi, na kama umekataliwa, andika mwenyewe siku hiyo hiyo nini kilisemwa, saa ngapi, na nani alikuwepo. Simu yenye ujumbe wake wote.

Na uulize kwanza ratiba ya chuo. Wakati wa mitihani kliniki hubaki na msimamizi na mafaili, na likizo ndefu nyingine hufunga kabisa. Forodha haifungi, na siku zako 30 hazisimami kumsubiri mtu amalize mtihani wa sheria ya ardhi.